Herena haikutoka Brussels: nani aliwapa watu wa Bukavu majina ya mapambo?

Bukavu, mashariki ya Kongo, ni mji uliotawaliwa kwa Kifaransa kwa zaidi ya miaka mia moja. Hati za viwanja zimeandikwa kwa Kifaransa, vyeti vya shule ni vya Kifaransa, na hukumu za mahakama husomwa kwa Kifaransa. Lakini ingia soko la Kadutu uulizie kile kipambo kinachoning'inia sikioni, muuzaji hatakutajia neno la Kifaransa. Atakuambia hiyo ni herena, na zikiwa mbili ni maherena. Vuka daraja la Ruzizi uingie Kamembe, utasikia amaherena. Bujumbura ni amaherena vilevile, na ukifika Kigoma, hata Dar es Salaam na Unguja, ni hereni. Sasa shusha macho kutoka sikioni hadi shingoni. Kile kitambaa anachofunga bwana arusi kwenye kola ya shati, Bukavu ni kravati na Rwanda ni karuvati, lakini Tanzania ni tai. Shanga ambazo Mkatoliki huzihesabu anaposali, Bukavu ni shapule, Tanzania ni rozari. Sikio na shingo viko kwenye mwili mmoja, na bado vimeyapokea majina ya mapambo yake kutoka pande tofauti za dunia. Cha sikioni kimetoka mashariki, kwenye bahari. Vya shingoni vimekuja na Wazungu waliosema Kifaransa.

Jambo hili si la bahati nasibu, wala si dalili ya Kiswahili kilichochakaa, kama wanavyopenda kusema wanaokisikia Kiswahili cha Kivu kwa mara ya kwanza. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba jina la pambo la kuning'inia halifuati bendera inayopepea mjini, wala halifuati kiwanda ambako pambo lilitengenezwa. Hufuata mkono unaolileta na kulivika. Mkono huo ukiwa wa mchuuzi wa msafara, jina litakuwa la msafara. Ukiwa wa mmisionari, jina litakuwa la misheni. Na ukiwa wa wazee wa jadi ambao hawauzi pambo lao kwa mtu yeyote, jina litabaki la jadi hata watawala wakibadilika mara tatu. Mwenye kuyasoma majina haya kwa makini atapata historia ya biashara na imani ya eneo la Maziwa Makuu ambayo haimo kwenye ramani za kikoloni.

Tuanze pwani, kwa kuwa huko ndiko msamiati wa mapambo ulikostawi zaidi. Kiswahili cha pwani hakikuwa na haja kubwa ya neno moja la jumla kwa kila pambo linaloning'inia, maana kilikuwa na jina kwa kila mahali pa kulitundika. Tundu la ndewe ya sikio lilikuwa na jasi, na sikio likapata pia kipuli, kipambo cha fedha kinachochezacheza mtu akitikisa kichwa. Pua ilikuwa na kipini na hazama. Shingo ilikuwa na mkufu na kidani, na mguu ulikuwa na furungu. Kishaufu nacho kilikuwa kipambo kidogo cha kuning'inia, na jina lake ni ndugu wa shaufu, yaani kujionyesha, neno lenye shina la Kiarabu linalohusu kutazama. Jina lenyewe limeshatoa siri ya kitu: kishaufu kimetundikwa ili kitazamwe. Katika orodha hii yote, hereni ndiyo mgeni. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba neno hilo limetoka kwenye Kiingereza, lugha ambamo pete ya sikio huitwa kwa jina lenye sauti zinazokaribia sana hizo. Na Unguja palikuwapo watu wa kulileta. Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem wakaja na vitambaa ambavyo mpaka leo jina lake ni merikani. Konseli wa Uingereza, Hamerton, alifika mwaka 1841, na wachuuzi wengi wa Kihindi waliokuwa chini ya ulinzi wake walikuwa na mawasiliano ya daima na Bombay.

Msomaji makini atanyoosha kidole hapa, na ana haki. Kufanana kwa sauti si ushahidi. Mtu anaweza kudai kwamba kipuli kimetokana na pulika, kitenzi cha kale chenye maana ya kusikiliza, kwa sababu vyote viwili vinahusu sikio, na dai hilo likavutia masikio bila kuwa na mguu wa kusimamia. Hereni nayo ina herufi h mwanzoni ambayo Kiingereza hakina mahali pale. Basi tukubali, kwa ajili ya mjadala, kwamba asili ya mbali ya hereni ni ya kubishaniwa. Hoja yangu haianguki, kwa kuwa haitegemei neno lilizaliwa wapi. Inategemea lilipitia wapi. Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Wajerumani hadi mwaka 1916, kisha na Wabelgiji hadi 1962. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji hadi 1960. Kama jina la pambo la sikio lingeletwa na mtawala, tungetarajia neno lenye harufu ya Kijerumani upande mmoja wa Ruzizi, na neno lenye harufu ya Kifaransa pande zote mbili. Hakuna hata moja lililoshika. Kilichoshika ni neno la Kiswahili, tena na ile h yake ambayo si Kijerumani, si Kifaransa wala si Kiingereza kilichoileta. Hiyo h ni mhuri wa njia: kokote neno lilikozaliwa, huku limefika likiwa tayari limekaa kwenye midomo ya Waswahili.

Njia yenyewe inajulikana. Ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, na kutoka Ujiji ikavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira, ng'ambo ya ziwa, mwezi Aprili 1858, lakini mbele yao walikuwa wametangulia wafanyabiashara wa pwani na watu wao, waungwana, ambao ndio waliowapa Wazungu jina la Kingwana kwa Kiswahili cha Kongo. Mizigo yao ilikuwa vitambaa, nyaya za shaba na shanga, na shanga zilikuwa somo zima. Burton aliandika kwamba zilikuwapo aina zinazokaribia 400. Nyekundu iliyoitwa samesame ilikuwa na majina mengine mawili, moja likisema kwamba inamaliza chakula na la pili kwamba inavunja mji, kwa jinsi watu walivyokuwa tayari kulala na njaa na kaya kusambaratika kwa kuitamani. Mchuuzi aliyebeba rangi isiyotakiwa mahali fulani alikuwa amebeba mawe. Msafiri Stanley, aliyepita njia hiyo mwaka 1871, alieleza kwamba shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo na takataka kwingineko. Kwa hiyo ilimlazimu mchuuzi ajue kila pambo kwa jina lake, na ilimlazimu mnunuzi alijifunze jina hilo ili asiuziwe kingine.

Soko la Ujiji linatuonyesha kazi hiyo kwa karibu. Msafiri Verney Lovett Cameron, aliyefika pale Februari 1874, alikuta fedha ya soko ni shanga ziitwazo sofi, zinazofanana na vipande vidogo vya mrija wa kiko uliovunjika. Asubuhi soko linapofunguliwa, watu wenye mifuko iliyojaa sofi walikuwa wakiwabadilishia wanunuzi waliokuja na shanga za aina nyingine. Jioni soko linapofungwa, walizichukua tena sofi zile kutoka kwa wauza samaki na wauza unga, wakitoa shanga nyingine badala yake, na walipata faida kwenda na kurudi. Ukiitazama biashara hiyo utaona kwamba pambo na fedha havikuwa vitu viwili. Kilichoning'inia shingoni kilikuwa akiba, na jina lake lilikuwa bei. Mtu wa Uvira aliyevuka ziwa kuuza samaki au chumvi hakuwa na nafasi ya kubuni jina lake mwenyewe kwa kitu alicholipwa. Alirudi nyumbani nacho pamoja na jina lake, kama anavyorudi leo mtu na simu mkononi na jina la simu mdomoni.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini hereni ilisafiri na kipuli kikabaki pwani. Kipuli cha fedha kilikuwa kazi ya sonara, na sonara, ambaye jina lake lenyewe limetoka Bara Hindi, alikitengeneza kwa agizo la bibi wa Lamu, Mombasa au Unguja aliyekwisha kutoboa masikio yake kwa mtindo wa mji wake. Kitu cha namna hiyo hurithiwa, huwekwa rehani, hupelekwa arusini. Hakifungwi kwenye mzigo wa kubebwa na mpagazi kwa miezi mitatu. Msafara hubeba kitu chepesi kilicho tayari, cha bei ndogo, kinachomfaa mtu yeyote mwenye tundu moja la sikio. Mkufu, kwa kuwa ni mnyororo tu na humtosha kila mwenye shingo, ulipata bahati hiyo hiyo: Kinyarwanda kina umukufi hadi leo. Na neno lilipofika huku halikubaki mgeni. Katika Kiswahili Sanifu husemwa hereni moja, hereni nyingi. Bukavu husema herena na maherena, Kinyarwanda na Kirundi iherena na amaherena. Limehamia kwenye ngeli ya jicho na macho, bega na mabega, sikio na masikio, yaani ngeli ya viungo vinavyokwenda viwili viwili. Pambo limefuata kiungo linakoning'inia. Lugha inayomkaribisha mgeni hivyo, ikampa kiti karibu na mwenye nyumba, haijaharibika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mtu atauliza: je, kabla ya msafara watu wa huku walikuwa hawajipambi? Walijipamba, na biashara yao ya mapambo ilikuwa na njia zake yenyewe. Mwanahistoria David Newbury ameeleza kwa kirefu biashara ya Ziwa Kivu katika karne ya 19, na katikati ya maelezo yake zimo butega, pete za nyuzi za mimea zilizosukwa na Watembo wa magharibi ya ziwa. Wahavu walizipokea, wakazipitisha kwa mitumbwi kupitia kisiwa cha Ijwi, na wanawake wa Rwanda wakazivaa miguuni. Butega zilikuwa pambo na zilikuwa fedha, kama sofi za Ujiji, na jina lake lilivuka ziwa pamoja nazo: Rwanda husema ubutega. Zingatia kwamba hapa hapakuwa na dola iliyomlazimisha mwenzake. Mwami, yaani mfalme, wa Rwanda alikuwa na nguvu kuliko Watembo wa milimani, na bado watu wake waliita pambo kwa jina la waliolileta. Simbi nazo, zile kauri kutoka Bahari ya Hindi, zimezama ndani mno hata Kinyarwanda kikamwita binti Isimbi kwa kumsifu uzuri.

Yapo pia mapambo ambayo hayakuuzwa hata kidogo, na hayo ndiyo yanayoipima hoja yangu kwa kinyume chake. Kwa Warega wa Mwenga na Shabunda, chama cha bwami kilikuwa na ngazi zake, na kila ngazi na vitu vyake: kofia, mikufu ya meno ya chui, vinyago vidogo vya kutundika, na musanga, zile tungo za vipande vya kombe zilizotumika kama fedha ndani ya chama chenyewe. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwao na kuchapisha kitabu chake kikuu mwaka 1973, alionyesha kwamba mtu hakuwa anakinunua kitu kile sokoni. Alivikwa na waliomtangulia, baada ya kufundishwa maana yake. Utawala wa Kibelgiji ulikipiga marufuku chama cha bwami mwaka 1948. Haukuweza kuyapiga marufuku majina. Hakuna neno la Kifaransa wala la Kiswahili cha pwani lililoingia mahali pa lukwakongo, kile kinyago kidogo chenye ndevu za nyuzi. Hali ni hiyo hiyo kwa ishungwe, pambo la kifalme la mwami wa Bushi, nchi ya Washi inayozunguka Bukavu. Aliyevika hakubadilika, na jina halikubadilika.

Sasa tufike shingoni, kwenye shapule. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifungua misheni ya Nyangezi mwaka 1906, kusini ya mahali Bukavu ilipo leo. Walisema Kifaransa wao kwa wao, na walitoa shanga za sala na medali kwa mikono yao. Neno chapelet likawa shapule. Anayepinga hoja yangu ataona amepata silaha: kumbe Kifaransa kilishinda, na Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya serikali! Lakini avuke mpaka aende Uganda. Huko Waingereza ndio waliotawala, Kiingereza ndicho kilichofundishwa shuleni, na hata hivyo Mkatoliki wa Buganda anasali ssappule. Sababu ni kwamba padri aliyefika kwao Februari 1879, Siméon Lourdel, alikuwa wa shirika lile lile, na alipokewa na watu waliosikia akiitwa mon père wakamwita Mapeera. Waingereza walikuwa bado hawajapandisha bendera yao. Shapule ya Bukavu na ssappule ya Kampala ni neno moja chini ya serikali mbili zisizoelewana lugha, kwa sababu mkono uliovika ulikuwa mmoja.

Mpinzani huyo hajaishiwa. Atakumbusha kwamba pwani nako walikuwapo mapadri wa Kifaransa, wale wa Roho Mtakatifu, waliofika Unguja katika miaka ya 1860 na kufungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mbona Tanzania haisemi shapule? Hili ndilo pingamizi lenye uzito kuliko yote, na jibu lake liko kwenye idadi ya mikono. Bushi, kama Buganda ya Mapeera, ilipokea shanga za sala kutoka kwa shirika moja kwa miaka mingi. Tanganyika ilipokea kutoka kwa mashirika ya mataifa mbalimbali: Wafaransa wa Bagamoyo, Wabenediktini wa Kijerumani waliofika mwaka 1888, baadaye Wakapuchini wa Uswisi, na wengineo. Mikono ikiwa mingi na lugha zake tofauti, linalobaki ni neno ambalo wote wanaweza kulikubali, na Kilatini cha Kanisa kilikuwa nalo. Rozari ni neno la maafikiano. Kwa hiyo pingamizi hili linaisahihisha hoja bila kuivunja: jina hufuata mkono pale ambapo mkono ni mmoja, na mikono ikigombania shingo moja, jina hutafutwa katikati.

Kravati nayo inahitaji kujibiwa, maana hapa mamlaka yanaonekana wazi. Karani wa Costermansville, kama mji ulivyoitwa tangu mwaka 1927 hadi miaka ya 1950, alifunga kravati kwa sababu bosi wake alifunga. Siwezi kudai kwamba utawala haukuhusika. Ninachodai ni kwamba utawala ulitoa jina pale tu ulipokuwa wenyewe ndio mgawaji wa vazi: ofisini, jeshini, shuleni. Ndiyo maana Bukavu ina shemize, yaani shati, na kravati, lakini ina kofia na kilemba, vilivyotangulia kuja na wafanyabiashara wa Kiislamu. Utawala haukugawa hereni kwa mtu yeyote; ulizikuta masikioni. Mpaka kati ya Kongo na Rwanda ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, na neno ambalo leo ni moja pande zote mbili za mpaka huo na tena hadi Unguja, lazima liwe na njia iliyoupuuza mpaka. Tai na kravati, zilizokuja baada ya mipaka kuchorwa, zinaiheshimu mipaka hiyo kama askari wa forodha.

Pingamizi la mwisho linatoka sokoni kwenyewe. Sehemu kubwa ya mapambo ya bei nafuu yanayouzwa leo Afrika Mashariki na Kati imetengenezwa China. Iko wapi basi lugha ya Kichina kwenye masikio ya mabinti wa Kadutu? Haipo, na haikutakiwa kuwepo. Samesame na shanga nyingi za misafara zilitoka Venice, ambako mafundi wa Murano waliyeyusha kioo, na hakuna mtu wa Ujiji aliyejifunza neno la Kiitaliano. Kiwanda hakisemi na mnunuzi. Anayesema naye ni muuzaji, na wauzaji wa Bukavu, ambao wengi ni akina mama wanaovuka Ruzizi au kufuata mzigo Kampala, wanauza kwa Kiswahili. Pale ambapo pambo linauzwa ndani ya kioo, katika duka lenye vibao vya Kifaransa, utasikia sheni badala ya mkufu na bijuu badala ya mapambo. Hata hilo ni ushahidi wa hoja yangu: mji mmoja, lugha mbili za kuuzia, majina mawili.

Wapo watakaosema haya yote ni mambo madogo, kwamba historia ya Kivu ni vita, madini na wakimbizi, na vipuli ni vya kuzungumza saluni. David Livingstone angewajibu. Januari 1854, akiwa kwa mfalme Shinte, mbali kusini-magharibi ya hapa, alivikwa shingoni kipande cha kombe la bahari, mfalme akimwambia kwamba hicho ni thibitisho la urafiki wao. Livingstone akaandika kwamba vipande viwili vya namna hiyo vilitosha kumnunua mtumwa, na vitano vilikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu yenye thamani ya pauni kumi. Kitu kilichoweza kumgeuza mtu kuwa mali si mchezo. Tukitaka kujua nani alimuuzia nani, kwa njia gani na kwa masharti gani, majina ya vitu hivyo ni nyaraka ambazo hakuna aliyepata nafasi ya kuzichoma moto.

Kutokana na hayo kuna neno kwa wanaoshughulikia lugha. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba yake ya 2006. Ni jambo la kutarajia kwamba vitabu vya shule vya pande zote vitasogeleana, na mwalimu wa Bukavu ataambiwa herena ni kosa, shapule si Kiswahili, na kravati iondoke iipishe tai. Kwa mtihani wa shule, sanifu inahitajika na sina ugomvi nayo. Lakini kamusi si mtihani. Kamusi inayoweka hereni peke yake na kuiacha herena imefuta safari ya neno kutoka baharini hadi Kivu, na inayoiacha shapule imewafuta Wakatoliki wa Bushi wa zaidi ya karne moja. Kama tai iliyotoka kwenye Kiingereza ni Kiswahili, hakuna kanuni ya haki itakayosema kravati iliyotoka kwenye Kifaransa si Kiswahili. Zote ziwekwe, kila moja na mahali inapotumika.

Na kuna neno pia kwa Bukavu yenyewe. Dhahabu inachimbwa Kamituga tangu miaka ya 1920, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza kwa miaka mingi jinsi dhahabu ya mashariki ya Kongo inavyopitia nchi jirani na kuishia Dubai. Kutoka huko baadhi yake hurudi ikiwa mkufu, na kwa kuwa aliyetutengenezea na kutupangia bei yuko mbali, sifa ya mkufu mzuri nayo imekuwa ni kuitwa wa Dubai. Kama hoja ya makala haya ni sahihi, hali hiyo haitabadilishwa na hotuba za kuthamini utamaduni wala na kamati za kubuni istilahi. Itabadilika siku mafundi wa dhahabu wa mitaa ya Kadutu na Ibanda watakapopata mtaji, vifaa na soko la kufanya kazi ya dhahabu ya kwao kwa wingi na kuiuza wenyewe hadi Kigali na Dar es Salaam. Watembo walifanya hivyo kwa nyuzi za porini, na jina lao likavaliwa miguuni Rwanda. Anayetaka pambo liitwe kwa jina lake, sharti kwanza awe ndiye anayeliuza.